Vishikwambi Visivyovunjika

Mkutubi wa shule alikuwa akipokea vishikwambi vya kusomea, akivipanga kumi kumi juu ya meza, pale kimoja kilipomponyoka mwanafunzi mlangoni na kugonga sakafu ya saruji. Mwanafunzi alikiokota, akakifuta kwa sketi. Kilikuwa kizima. Mkutubi alihisi kitu kikimkwaruza shavuni, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akaona ufa mpya umeshuka kutoka chini ya jicho hadi kidevuni. Haukutoa damu. Aliandika thelathini na saba, akanyoosha mkono kupokea cha thelathini na nane.

Nyufa zilianza wiki ile vilipoletwa. Ofisi ya vifaa ilivisifu kuwa ni imara na vya bei nafuu, na haikusema uongo: vilikuwa mia mbili, vinashikwa tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, na hakuna hata kimoja kilichopasuka. Ila fomu ya makabidhiano ilikuwa na nafasi ya sahihi moja tu, na mwalimu mkuu, mzoefu wa fomu za namna hiyo, alikumbuka ghafla kwamba ana kikao. Mkutubi akatia sahihi. Tangu hapo kila kilipoanguka kishikwambi, alipasuka yeye. Walimu wenzake walimpa pole kama anavyopewa mwenye mafua.

Wakutubi wa shule za jirani walikuwa wajanja. Walivifungia vyao kabatini siku ya kwanza, na nyuso zao zilikuwa laini. Kila jioni alipomfunga bendeji, binti yake, ambaye ni muuguzi, alimshauri afanye hivyo hivyo.

"Mama, funga kabati. Ufunguo si unao wewe?"

"Halafu wasome nini? Vitabu vya karatasi si vilibebwa vyote kupisha hivi?"

"Wasome ubaoni, kama tulivyosoma sisi."

"Wana mtihani, mwanangu."

"Na wewe umebakiwa na mkono mmoja, mama yangu."

Hilo lilimchoma. Mkono wa kulia haukuweza tena kushika hata kijiko. Alikuwa amechoka, uchovu wa kwenye mifupa, na angetamani kumsikiliza binti yake. Asubuhi alifungua kabati.

Wiki tatu kabla ya mtihani, afisa vifaa alikuja kukagua. Aligeuza kila kishikwambi kwenye mwanga.

"Hongera sana, mama. Hata mkwaruzo! Kwingine hata nailoni ya kufungia hawajatoa."

"Nimevunjika mimi," alisema mkutubi.

Afisa alimtazama kwa huruma ya kweli: uso, shingo, na pale sikio lilipomegeka.

"Naona, mama. Pole sana. Ila kwenye fomu hii kuna safu ya vifaa tu."

Akaandika: uharibifu, hakuna, gharama za matengenezo, hakuna. Kwa sifa hiyo, alisema, ofisi imeamua kuiongezea shule vishikwambi mia nne. Gari lilikuwa limeshaegeshwa nje.

"Nisipotia sahihi?"

"Vinarudi. Na hivi mia mbili navyo. Mkataba ni mmoja."

Kalamu ilimponyoka mkutubi mara mbili. Afisa, mtu muungwana, akatoa kidau cha wino. Dole gumba la kulia lilikuwa na nyufa nyingi mno, alama ikatoka vipande vipande, kwa hiyo wakajaribu la kushoto.

"Hili safi," alisema afisa, akaipulizia karatasi ili wino ukauke.

Darasa la mtihani lilikuwa limeshapanga foleni mlangoni. Mkutubi alifungua boksi la kwanza, taratibu, kwa mkono aliobaki nao.

"Shikeni kwa mikono miwili," aliwaambia. "Nawaomba."

Wakaitikia kwa pamoja kwamba wamesikia, na wa kwanza akanyoosha mkono mmoja.