Sifuri Tisa za Dorotea

Kila siku saa moja asubuhi Dorotea alifungua ndoo ya mtego iliyoning'inia kwenye uzio wa nyumba yao, mbele kidogo ya Igoma, akahesabu nondo. Chini ya kifuniko kulikuwa na kidonge chenye harufu ya nondo jike. Madume walikuja wakiifuata, wakatumbukia. Idadi yao, pamoja na kipimo cha mvua, ndiyo iliyoamua kama kijiji kinyunyizie mahindi dawa. Kwa siku tisa alikuta ndoo tupu, akaandika sifuri. Kwa sifuri hizo mwenyekiti aliazimisha pampu zote sita kijiji cha ng'ambo ya ghuba, hadi Jumamosi.

Jumatatu aliamka mapema kuliko kawaida. Uani alimkuta mama mkwe wake, Wilhelmina, amepakata ndoo ile, akiwarushia kuku nondo. Tetea mmoja alikuwa na bawa la kijivu mdomoni.

Dorotea alimwamkia, kisha akamuuliza ameanza lini.

"Tangu mvua ile kubwa. Si wanaoza tu humo, Mama Winnie?"

"Wangapi kwa siku, mama?"

"Mimi sina hesabu zako. Kuku wanane walikuwa wanashiba." Akacheka. "Halafu ulisema ni madume watupu. Watazaa nini?"

Dorotea alipiga hesabu. Majike hawaingii mtegoni, wao hutaga. Mvua ilinyesha siku tisa zilizopita, na mayai huanguliwa kwa siku nne. Viwavi waliotoka wangekuwa na siku tano: kijani, wembamba kama uzi, hawaonekani kwa mtu anayepita. Wakifika siku ya kumi hugeuka weusi, hushuka chini na kutembea kwa kundi kutoka shamba hadi shamba.

Alikwenda kwa jirani yao, Mhoja, akainua majani ya mahindi. Jani la tatu lilikuwa limekwanguliwa, imebaki ngozi nyembamba nyeupe. Aliligeuza. Alihesabu hadi arobaini, akaacha.

Mhoja, aliyekuwa akipalilia, alimuuliza kama sifuri zimeota miguu.

Alimweleza yote, kuku pia. Kisha akampigia mwenyekiti simu. Ng'ambo viwavi walikwisha kuwa weusi. Hakuna ambaye angeachia pampu kabla ya siku waliyopatana.

Mhoja aliegemea jembe. "Zinarudi lini?"

"Jumamosi."

"Na hawa wanaanza kutembea lini?"

"Jumamosi," alisema Dorotea.