Wote Wamepokea

Kampuni yetu, hapa Nakuru mjini, huuza maonyo. Mafuriko, moto, maporomoko: tunabonyeza mara moja, simu za kijiji kizima zinalia. Bosi wangu, Dualeh, huwaambia wateja kwamba kinga ni bora kuliko tiba, halafu anawapa karatasi ya bei.

Alhamisi saa nane mchana mtaalamu wa udongo alitupigia kutoka Kuresoi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na mlima wa kwetu ulikuwa umeanza kupasuka. Nasema wa kwetu kwa sababu mama yangu anaishi chini yake. Nikabonyeza: "Hama sasa hivi. Panda upande wa kanisa."

Kompyuta ikaandika: watu 412, wote wamepokea. Dualeh akapiga makofi.

Kisha simu yangu ikalia mezani. Ilikuwa inaniambia nihame.

Nikachukua orodha ya namba zetu, nikampigia mzee Kinyanjui, jirani wa mama. Kijana ndiye aliyejibu, huku nyuma yake watu wakigonga mabati.

"Madam, mimi niko Rhonda, hapa Nakuru. Huyo ni mzee wangu. Alipeana namba yangu."

Nikajaribu wengine watano. Mmoja alikuwa mjini Salgaa akila chakula cha mchana. Siku ile ya kujiandikisha kwa chifu ili kupata maonyo yetu, kila mzazi alikuwa ametoa namba ya mtoto wake wa mjini, yule anayeelewa mambo ya serikali. Tulikuwa tumeonya kijiji kizima isipokuwa waliokuwa ndani yake.

Nikawatumia wote 412 ujumbe wa pili, bila kumuuliza Dualeh: "Mpigie mzazi wako. Sasa." Halafu nikampigia wangu. Alishika mara ya nne.

"Mama, toka kwa nyumba. Mlima unashuka."

"Nani amesema?"

"Kampuni."

"Hata kampuni ya viazi ilisema italeta lori."

"Ni mimi nasema, mama. Mimi Cheptanui. Naogopa."

"Si ungesema hivyo mwanzo."

Nikamsikia akimfungua ng'ombe, akimgombeza, akipanda huku anahema. Dualeh alisimama kando yangu na ripoti yake ya watu 412 mkononi. Kisha ukaja mngurumo mrefu, na kuhema kukakoma.

"Mama?"

"Niko," akasema. "Jikoni imeenda."