Kiti Kilichopanda Ndivani

Umewahi kubishana na kiti chako mwenyewe? Mimi usiku wa jana niliota nimekaa barazani kwenye kiti changu cha plastiki, kile cha buluu chenye mkono mmoja uliounguzwa na pasi, nanywa chai. Nikainamisha kikombe. Chai ikasogea upande wa pili.

Nikakigeuza. Ikarudi ilikotoka.

"Bibi, mimi ni maji ya ndiva," ikasema chai, kwa adabu tu. "Na sheria unaijua. Asiyefika msaragambo hanywi."

Sheria naijua, hapa Upare nimezaliwa nikaikuta. Kila mwaka, kabla ya mvua za vuli, kijiji kizima hupanda kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa dogo linalotunza maji ya mfereji wetu. Lakini safari hii mwanangu Sefania, naye ana mvi kichwa kizima, aliniambia, "Mama, umeshavuka tisini. Wewe keti tu hapo." Mkewe, Nakijwa, akanifunika kanga magotini. Nikasema asanteni, wanangu. Mimi si mtu wa kubisha.

"Haya, naenda," naiambia chai. Najaribu kuinuka. Siinuki.

"Samahani," kinasema kiti. "Nimeagizwa uketi."

"Nani kakuagiza?"

"Sefania. Alisema 'keti tu hapo', na mimi nilikuwepo."

"Na je, ukienda wewe?"

Kiti kinafikiri. "Kuhusu mimi hakusema kitu."

Tunaondoka. Kiti kinapanda mlima kwa miguu yake minne kama mbuzi, mimi juu yake, kikombe mkononi. Tunapita migombani, tunapita jikoni kwa jirani bila kufungua mlango, tunatokea kanisani katikati ya matangazo. Hakuna anayeshangaa. Mzee wa kanisa anasema tu, "Viti vinavyopanda vipite kushoto."

Kule ndivani msimamizi ni chura. Amevaa koti la mvua la marehemu mume wangu, limemkaa vizuri kuliko lilivyomkaa mwenyewe.

"Umechelewa, binti," ananiambia. "Na mbona umekuja umekaa?"

"Wanangu wananihurumia."

"Uliwaambia unataka nini?"

"Niliwaambia asante."

"Hapa hatupokei asante. Anayetaka tope husema tope."

"Hata mimi hajaniambia," kiti kinadakia. "Siku zote nadhani ananipenda."

Nafungua mdomo niseme. Inatoka asante. Inaanguka majini, chubwi! Najaribu tena, inatoka nyingine, kubwa kama boga. Chura anaziopoa na kuzitupa ukingoni pamoja na majani makavu, lakini zinanitoka tu, mpaka ndiva inajaa asante na maji yanakosa pa kukaa. Yanaanza kumwagika, yanateremka kule yasikotakiwa.

"Sema, binti!" analia chura. "Mahindi ya watu hayo!"

Hapo nikaamka. Jogoo walikuwa wanawika. Nje Sefania alikuwa na jembe begani, na Nakijwa anafunga sufuria ya makande kwa kitambaa.

"Nani kakichezea kiti cha mama?" Nakijwa akauliza.

Nikachungulia. Udongo wa uani kwetu ni mwekundu. Miguu ya kiti changu, yote minne, ilikuwa na tope jeusi la ndivani, bado bichi.

"Nitakiosha, mama," akasema. "Wewe keti, nikuletee chai."

Asante ilikuwa imeshafika ulimini. Nikaimeza.

"Sitaki kuketi. Nataka kwenda ndivani na nyinyi. Nitatembea polepole, nitapumzika njiani, lakini nataka nishike tope kwa mikono yangu."

Sefania akashusha jembe. "Mama! Kumbe? Mbona hukusema?"

"Ndiyo nasema."

Wakatazamana, Nakijwa akaanza kucheka, akaenda kunitafutia fimbo.

"Basi ngoja nikubebee kiti," akasema Sefania.

"Kiache kipumzike," nikamwambia. "Chenyewe kimetoka huko."