Tuliwataja Wafu Wetu

Mama yetu Nabwire alifia hapa mtaani Jericho, jijini, na miaka yote alikuwa na neno moja: nizikeni Emusiola, ubavuni mwa baba yenu. Ndiyo maana siku ya matanga, uani penye viti vya kuazima, dada yangu Mideva na mimi hatukuwa tunalia. Tulikuwa tunagombana.

"Emusiola ipi, Shiundu? Pale ni miwa mpaka macho yachoke."

"Chini ya miwa kuna Baba."

Jirani yetu Mutie, dereva wa kulipeleka jeneza, akakuna kichwa. "Gari liko tayari, ndugu yangu. Lakini mimi ni Mkamba. Mnanituma mahali ambapo hata chifu wa huko hapajui?"

Hapajui! Nikasimama. Niliwaambia tena, kwa kuwa hakuna shule itakayowaambia. Emusiola ilikuwa kijiji: maboma machache, kisima, kanisa la udongo. Kwetu shamba liliitwa kwa jina la aliyezikwa humo. Aliye hai ni mtunzaji tu. Akijitaja yeye, ni kama amemfukuza mzee wake kaburini. Wapima ardhi walipokuja nilikuwa mtoto, Baba keshazikwa, nimeshika leso ya Mama. Hili la nani? Wazee wakajibu kwa adabu: la Mulama. Mulama yuko wapi? Huyu hapa, wakaonyesha kaburi. Na lile? La Kweyu. Kaburi tena. Boma kwa boma tuliwataja wafu wetu, na wale mabwana wakacheka, wakaenda kusema ardhi haina wenyewe. Ikapewa watu wa sukari. Tulifukuzwa kwa kusema kweli!

"Tumesikia," Mideva akasema. "Umeisema kila baraza hadi askari wanakuamkia kwa jina. Sasa sikiliza na wewe."

Akampigia Wafula, binamu yetu aliyetangulia huko kuomba ruhusa. Akaweka spika.

"Meneja wa sukari amekubali," Wafula akasema.

Nikapiga meza kwa furaha.

"Ngoja, ndugu. Amesema tuzike, lakini bila msalaba, bila tuta. Miwa ikishavunwa, trekta litalima pote. Kama lilivyolima pa mzee. Nimemtafuta tangu asubuhi, Shiundu. Sijui yuko mstari upi."

Mideva akazima simu.

"Unataka plau limpitie?" akaniuliza, polepole. "Sema. Wewe ndiwe mwenye maneno."

Nimewajibu madiwani. Nimewajibu polisi, nikiwa nimefungwa pingu. Swali lile lilinirudisha kwenye maneno ya Mama. Mama hakuomba kuzikwa kwenye miwa. Aliomba kulala karibu na mtu, na mtu mwenyewe walishamtawanya.

"Mutie," nikasema, "tutamzika hapa mjini, makaburi ya Lang'ata."

Nilidhani Mideva atashukuru. Alikaa chini pale pale kwenye saruji, akavuta suruali yangu kama mtoto, na kilio alichokifungia tangu hospitalini kikamtoka.

"Nilitaka ukatae Lang'ata," alilia. "Shiundu, nilitaka ukatae."