Nyuzi za Kaka Taratibu

Kabla ya mochari, kaka yangu alifukuzwa kazi nne. Mahali pa kuosha magari alisugua tairi moja tangu asubuhi mpaka mwenye gari akaondoka na matairi matatu machafu. Kwenye matofali aliambiwa aongeze maji, akaongeza, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia basi, hakuacha. Sokoni alibebeshwa mzigo, akaupeleka kwa mtu aliyemwita kwa sauti kubwa zaidi. Kwenye ulinzi alimfungulia geti kila aliyemsalimia vizuri, na wezi wana adabu kuliko watu wote.

Mtaani walimwita Taratibu. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mabega mapana, mikono laini kama ya mkunga, na akili ambayo daktari mmoja alisema ilisimama darasa la pili. Mimi ni mdogo wake kwa miaka tisa, fundi cherehani. Tangu mama afariki tulibaki wawili tu. Kila asubuhi alioga, akafunga vifungo vyote vya shati mpaka cha shingoni, akakaa kwenye kiti mlangoni. Watu walipoanza kupita kwenda kazini alinigeukia.

"Mdogo wangu, na mimi naenda wapi?"

Swali hilo lilinichoma kuliko pasi ya mkaa. Nikampeleka ofisi ya ajira. Bwana wa pale akamwambia ahesabu kurudi nyuma kuanzia ishirini. Kaka akainuka, akarudi nyuma hatua moja moja mpaka akagonga kabati. Yule bwana akacheka mpaka akavua miwani.

"Akili ni nywele," akasema huku akiandika, "kila mtu ana zake."

"Na zako ziko wapi, mheshimiwa? Maana hapo kichwani sizioni."

Alikuwa na kipara kinachong'aa. Akachukua muhuri, akaukandamiza kwenye fomu: HAFAI. Nilitoka pale kifua mbele, nimemkomesha. Kaka alitoka bila kazi.

Kazi ilikuja yenyewe, kwa mlango wa kibanda changu. Mhudumu mkuu wa mochari ya hospitali, mzee mmoja tuliyemwita Barafu, aliniletea suruali nimpunguzie kiuno, akaanza kulalamika kuhusu wasaidizi.

"Wanatoroka. Wa mwisho aliniaga anakwenda kununua sabuni. Mwezi wa tatu huu, bado anainunua."

"Kaka yangu hatoroki, mzee."

"Haogopi maiti?"

"Anaogopa mbwa."

"Mbwa hatuna," akasema Barafu. "Mlete."

Alichukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Kwenye fomu, mahali palipoulizwa kama anajua kusoma, Barafu aliandika ndiyo, nami nikasaini kama ndugu. Nilisaini kwa raha. Fomu moja ilimwita hafai bila kumjua, basi na hii imwite msomi bila kumjua.

Na alifaa. Sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu. Nilikwenda kumtazama. Kuosha maiti hakutaki haraka, na yeye haraka hakuwa nayo tangu kuzaliwa. Aliosha nyuma ya masikio. Aliosha katikati ya vidole. Akimgeuza mzee alisema, "Shikamoo, samahani nakugeuza." Akimvalisha soksi mtu wa rika lake alimwambia akaze mguu kidogo, halafu akasubiri, kisha akaivuta mwenyewe bila kinyongo. Barafu aliniambia kwamba kwa miaka ishirini na mitatu hajaona mtu anayewapa marehemu muda wao.

Tatizo lilikuwa lebo. Kila maiti ilikuwa na lebo yenye jina, na kila mfuko wa nguo ulioletwa na jamaa ulikuwa na jina hilohilo. Kaka aliyaona majina yote ni wadudu waliokauka. Ndipo nikabuni nyuzi. Mochari ilikuwa na vitanda vya baridi kumi na viwili, nikampa nyuzi za rangi kumi na mbili. Maiti ikiingia, anaifunga uzi mkononi, na mfuko wake anaufunga uzi wa rangi ileile. Nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Rangi hazikumshinda kamwe. Hata Barafu mwenyewe akaacha kusoma lebo, akawa anatazama nyuzi tu. Nilijiona nimewashinda madaktari na ofisi zao zote.

Miezi miwili na wiki tatu hakukosea hata mara moja. Asubuhi hakuuliza tena anakwenda wapi. Mimi ndiye niliyeulizwa.

"Bado hujavaa? Watu wananisubiri kule."

Ilibaki wiki moja athibitishwe. Jumatatu hiyo akaniambia uzi wa zambarau umekwisha. Nilikuwa na sare za shule mezani, mwenye shule amesimama kichwani pangu. Bila kuinua macho nikachomoa uzi wa bluu iliyokolea, nikampa. Fundi yeyote anajua jambo hili, na mimi nilifundishwa siku ya kwanza kazini: bluu iliyokolea na nyeusi usizichague chini ya taa ya tyubu. Zitoe nje kwenye jua, la sivyo utamshonea mtu suruali nyeusi kwa uzi wa bluu. Mochari haina dirisha. Ina taa ya tyubu. Na nyeusi kaka alikuwa nayo tayari.

Jumatano waliingia bibi wawili. Mmoja akapata nyeusi, mwingine bluu. Mifuko ilifungwa nyuzi hizo na kutundikwa pamoja. Ijumaa kaka akawaosha, akawavalisha, kila mmoja nguo ya mwenzake. Wa kwanza alichukuliwa na wajukuu wake, wote vijana. Walitazama uso, wakasaini, wakaondoka. Nani kati yao angelijua gauni la bibi yake? Alipofika binti wa yule wa pili, mama mtu mzima, alifunua shuka akamkuta mama yake ndani ya nguo asiyoijua. Gauni la mama yake, alilojishonea mwenyewe miaka mingi nyuma kwa ajili ya siku hiyo, lilikuwa limekwisha kufukiwa pamoja na mtu mwingine.

Jumatatu tuliitwa kwa katibu wa hospitali. Binti wa marehemu alikuwa ameketi pembeni, macho yamevimba. Barafu alisimama akitazama viatu vyake. Kaka alifunga vifungo vyote. Katibu akaweka vipande viwili vya uzi mezani, karibu na dirisha. Jua liliviangaza vizuri. Kimoja bluu, kimoja cheusi, mbali kama mbingu na ardhi.

"Nani alifunga hizi?"

"Mimi," kaka akasema.

"Hii rangi gani?"

"Bluu."

"Na hii?"

"Nyeusi."

"Kumbe unaziona. Sasa kule ndani ulikuwa unafanya nini?"

Kaka akazitazama nyuzi kwa muda mrefu. Akanitazama mimi, kama anavyonitazama jambo likimzidi, nimsemee. "Kule zilikuwa moja," akasema.

Binti akageuka. "Mimi nataka jina tu. Mtu aliyesababisha haya. Namfikisha mahakamani, naapa."

"Mama, huyu hashtakiki," katibu akamwambia kwa upole. "Mtazame. Mtu wa akili hii sheria itamfanya nini? Labda kama kuna mwingine nyuma yake."

Barafu hakuinua kichwa. Sentensi ilikuwa mdomoni mwangu, fupi kabisa: ule uzi nilimpa mimi. Mimi, niliyemjibu bwana wa ajira, niliyejiona nimewashinda madaktari, niliyeapa kwamba hakuna atakayemdharau kaka yangu mbele yangu. Nikahesabu. Kaka hawamwezi, mimi wananiweza. Cherehani ikichukuliwa tutakula nini, yeye na mimi? Ilikuwa hesabu safi, nami nikaipenda kwa sababu ilinisaidia kunyamaza.

"Wewe ndiye ndugu yake," katibu akanigeukia. "Una la kusema?"

"Mnajua hali yake," nikasema.

Wote wakaitikia kwa kichwa, hata binti wa marehemu. Ilikuwa rahisi kuliko kutunga uzi kwenye sindano. Katibu akaandika mistari miwili ya kumwachisha kazi, akampa kaka kalamu, na kaka akachora duara lake la sahihi. Barafu alipewa onyo. Mimi nilipewa pole.

Nje, kwenye ngazi za hospitali, Barafu alinishika mkono. "Uzi ule ulitoka kwako, fundi."

"Na fomu ile uliandika wewe, mzee."

Akaniachia. Tangu siku hiyo suruali zake anapeleka kwingine.

Nilidhani kaka atasahau. Mambo mengi husahau. Lakini kesho yake alioga, akavaa, akaanza safari ya mochari. Msaidizi mpya, anayejua kusoma, akamrudisha getini. Siku ya pili vilevile. Siku ya tano nilimkalisha chini nikamwambia kweli yote, maana sikuweza tena kumwona akifunga vifungo. Nikamwambia kosa halikuwa lake. Uzi niliutoa mimi, taa ilimdanganya, na mimi nilijua taa hudanganya.

Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukafunguka, akainuka.

"Basi mwambie katibu, nirudi."

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Leo hayupo, kaka. Amesafiri."

Ni wiki ya sita sasa. Kila asubuhi anauliza, nami kila asubuhi namwambia katibu hajarudi. Ananiamini, kama alivyoamini uzi. Jana alikaa kwenye kiti chake mlangoni, akafikiri sana.

"Safari yake ndefu," akasema. "Amefiwa?"

"Labda amefiwa."

Akainamisha kichwa, akaviangalia viganja vyake.

"Maskini. Atamleta mtu wake pale, na mimi sipo. Nani atamwosha taratibu?"