Kona Nne za Gari la Nemesio

Nilipokuwa nasugua kiti cha nyuma, upande wa kulia, povu lilianza kutoka na rangi ya chai. Nikalifuta kwa taulo nyeupe, nikaigeuza taulo, nikafuta tena. Kitambaa cha kiti hakitaki maji mengi. Ukikimwagia ndoo, maji yanazama kwenye sponji ya ndani, na huku kwetu El Alto, miezi hii ya mvua, sponji hiyo itatoa uvundo mpaka Pasaka. Kwa hiyo natumia povu tu, brashi laini na mkono wangu. Siku hiyo mkono huo ulikuwa umekwisha kusafisha magari mawili.

"Bado inanuka?" akauliza Mzee Nemesio. Alikuwa amekaa kwenye kreti tupu mlangoni mwa banda langu, kofia magotini.

"Bado, mzee."

"Bia?"

"Bia."

Akashusha pumzi. "Lazima iishe leo, Mama Saturnina. Jumatatu kuna shule."

Hadithi yake niliijua, maana mtaa mzima ulikuwa umeijua. Nemesio ni dereva wa teksi, na Toyota yake ina miaka zaidi ya thelathini. Kwa miaka minane hajagusa pombe. Jumanne ya Karnivali, kabla ya Kwaresima, watu wanapommwagia Mama Ardhi bia ili abariki nyumba, vibanda na magari yao, yeye aliziogopa chupa. Akampa funguo rafiki yake Hilarión, fundi uashi na baba wa ubatizo wa binti yake, ambarikie gari, kisha akaenda kulala. Kesho yake asubuhi binti yake Lidia akafungua mlango wa gari ampandishe mtoto wake aende shule na babu, kama kawaida. Harufu ikampiga usoni. Akamshika mtoto mkono, wakaenda kwa miguu mvuani, na tangu siku hiyo mtoto hajapanda tena.

"Ulimwambia ni Hilarión?" nikauliza.

"Nilimwambia." Akaigeuza kofia. "Lakini zamani pia nilikuwa namwambia ni Hilarión."

Nikarudi kwenye mshono, nikapitisha ncha ya kijiti taratibu. Kikatoka kipande cha ua la njano, kimegandana na vikaratasi vya rangi. Vya namna ileile nilivitoa kona ya kushoto saa moja nyuma, nikavitupa bila kuwaza.

Nikahamia kiti cha mbele cha abiria. Doa lilikuwa konani, karibu na mlango, na ua lake. Nikazunguka kwa dereva. Magoti yangu hayapendi tena sakafu ya saruji, lakini nilipiga magoti, nikaweka pua kwenye kitambaa. Kona ya nje ilinuka bia. Katikati, pale anapokalia, palikuwa pakavu, panatoa harufu ya koti kuukuu tu.

Nikaiweka brashi chini.

"Mbona umeacha?"

"Njoo uone, mzee. Gari watu humwagia wapi?"

"Magurudumu. Boneti. Ndani unarusha maua tu."

"Na nyumba?"

"Nyumba unamwaga ndani, kona nne..." Akachungulia kona moja, ya pili, akahesabu kwa kidole kama mtoto. "Mungu wangu! Lile jitu limelibariki gari langu kama nyumba!"

"Fundi uashi huyo. Ndivyo alivyozoea."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Haya, zioshe hizo mbili zilizobaki."

"Nikiziosha, Lidia utamwonyesha nini?"

"Nitamwonyesha gari lisilonuka."

"Atasema umeficha. Zamani ulikuwa hufichi?"

Alikaa tena kwenye kreti. Alionekana mzee kuliko asubuhi. "Akija akakuta linanuka atanitukana mbele yako."

"Nimesikia matusi mengi, mzee. Mpigie."

Lidia anauza sufu mtaa wa pili, kwa hiyo hakuchelewa. Alikuja na aproni yake, nyuzi zimemganda mikononi. Mimi akaniamkia, baba yake akamruka.

"Eti niangalie nini?"

"Kona," nikasema. "Za nyuma mbili ni mbichi, nimeshaziosha. Za mbele sijazigusa. Halafu unuse kiti cha dereva, katikati. Mimi sijui baba yako alilala wapi Jumanne. Ninachokijua ni kitambaa."

Aliinama kona ya kwanza, akaenda ya pili, akazunguka. Kwa dereva alikaa muda mrefu, uso umeinama kitini. Aliponyanyuka alikuwa na ua kavu kwenye kidole.

"Mlevi hujimwagia mapajani," akasema polepole. "Nawe ulikuwa unajimwagia mapajani. Nilikuwa nafua mimi zile suruali."

"Ni kweli, mwanangu," akasema Nemesio.

"Baba wa ubatizo kamwaga hata kwa dereva? Angekosa nini akimwaga nje tu?"

"Anajenga ghorofa huyo," nikasema. "Shukuru hakuweka msingi."

Akaguna, kidogo akataka kucheka, akajizuia. Alimtazama baba yake kwa mara ya kwanza. Hakumwomba radhi, wala mzee hakuonekana kuingojea.

"Jumatatu uje saa moja na nusu," akamwambia. "Nitanusa gari kwanza. Na wewe nitakunusa."

"Ninuse tu."

"Kila siku nitakunusa."

"Haya."

Akaondoka haraka, kibanda alikuwa amemwachia jirani. Mvua ya mawe ikaanza kugonga bati. Nemesio akashika brashi yangu, akaitazama kona ya dereva.

"Niendelee mimi?"

"Utaloanisha sponji. Na mwanga umekwisha, sitaona doa linakoishia."

Nikanyunyiza magadi soda kwenye zile kona mbili, yanyonye harufu usiku kucha. Nikafungua vioo upana wa kidole, nikaanika taulo. Mikono ilikuwa inaniuma mpaka kwenye kiwiko.

"Kesho saa tatu," nikamwambia. "Uje na taulo zako, zangu zimekwisha."