Ndama Kwenye Theluji

Kazi yetu pale Shirere, mjini Kakamega, ilikuwa kutazama kwenye kompyuta picha za msitu ambao hatutaufikia maishani. Kamera zilifungwa kwenye miti huko kaskazini mwa Kanada, zikapiga picha kila kilichopita. Sisi tunachora kisanduku kumzunguka mnyama, tunaandika jina lake, ili kompyuta ijifunze kumtambua. Aliyetafutwa hasa ni karibuu, mnyama wa pembe kama matawi, anayekula zile ndevu za kijivu zinazoota kwenye miti mikongwe. Hata msitu wetu wa Kakamega unazo. Ukikata mti, umemnyima ugali.

Mwenzangu Immaculate akampenda karibuu mmoja jike, sikio limepasuka, ana ndama. Akamwita Kukhu, kama anavyomwita nyanya yake.

"Nyanya yako ana pembe?"

"Andati, wewe unachekanga tu. Siku moja meno yatakukauka."

Wiki ya pili miti ikaanza kupungua pichani. Ikatokea barabara ya matrekta ya wakata miti. Halafu, juu ya barabara hiyo, mbwa-mwitu watatu, wanatembea kama wenye shamba.

"Wametengenezewa njia, sasa watadai na taa," nikasema.

Immaculate hakucheka. Akamwandikia msimamizi wetu, mzungu tusiyewahi kumwona: mbwa-mwitu wanamfuata ndama, tumeni mtu upesi. Kwetu ukiona moshi kwa jirani huulizi ni wa nini, unapiga kelele.

Jibu lilifika tukinywa chai. "Asante, Immaculate. Picha hizi ni za miaka mitano iliyopita. Eneo hilo halina karibuu tena. Tafadhali endeleeni."

Akalisoma mara mbili. Mimi nikatafuta utani, nikakosa hata ule mbovu.

Picha iliyofuata: Kukhu amesimama, ndama ananyonya, kamkia juu.

"Ona anavyoshiba," Immaculate akasema. Akachora kisanduku polepole, kama anayemfunika mtoto blanketi. Kisha akaondoa mkono kwenye mausi.

"Bonyeza, dada, picha ifuate. Wakubwa wanaona tukikaa bure."

"Sibonyezi. Hapa bado yuko."

"Imma, alishakufa."

"Basi bonyeza wewe."

Nikabonyeza. Theluji, visiki, nyayo zimevurugana. Nikaandika: hakuna mnyama. Nikabonyeza tena. Hakuna mnyama. Tena. Immaculate alikuwa amegeuza kiti, anatazama ukuta.